Mkate wa Wagonjwa

Jumatatu, 4 Machi

Leo tumetimiza miaka thelathini na mmoja tangu tuvuke mpaka tukiwa na godoro moja na sanduku la vitabu ambalo kila aliyetuona aliliona kama dalili ya wazimu. Mvua ya kwanza ya msimu imenyesha asubuhi, nami nimetoa meza yangu barazani. Kwetu nilikuwa mwalimu wa historia. Hapa natengeneza miavuli, na mvua ndiyo mavuno yangu. Mtu hajui kwamba mwavuli wake umekufa mpaka siku anapouhitaji.

Mpwa wangu alipiga simu. Anasema kumetulia kweli safari hii, wanaorudi ni wengi, na kuta za nyumba yetu bado zimesimama ingawa paa limechukuliwa. "Mjomba, njooni mfie nyumbani," akasema, kisha akaona haya akajirekebisha: "Yaani mje mpumzike." Mke wangu alicheka mpaka akashika tumbo, na maumivu ya tumbo yakamkatisha kicheko. Daktari ameshaacha kuuzungumzia ule uvimbe. Siku hizi anazungumzia maumivu tu.

"Mvua zikiisha," mke wangu aliniambia. "Nikiweza kukaa kwenye basi, Mwalimu, tutakwenda." Ananiita Mwalimu anapotaka nisimbishie.

Jumatano, 13 Machi

Mvua. Vyuma vilivyopinda, mipini iliyolegea. Amekunywa chai nusu kikombe.

Jumapili, 17 Machi

Niyaandike ya leo kama yalivyokuwa, kabla wengine hawajanisimulia.

Kanisani kulikuwa na mhubiri mgeni mwenye sauti iliyofanya spika zikorome. Mwisho wa mahubiri aliita wagonjwa. Mke wangu hakuinua mkono. Binti yetu, anayeimba kwaya, ndiye aliyeshuka jukwaani akamwongoza mhubiri hadi kwenye benchi letu, la mwisho kabisa karibu na mlango, tunakokaa ili tuweze kutoka upesi mama yake akizidiwa. Mhubiri akamwekea mkono kichwani. Mke wangu akasimama.

Alisimama kwa adabu. Katika kanisa lililotulea, mtu akiombewa husimama. Kuombewa ukiwa umekaa ni kama kunyoosha miguu mbele ya mkwe. Alikuwa na miezi hajasimama bila kushikwa. Alikamata benchi la mbele, akajivuta, akainamisha kichwa akingoja amina. Amina haikuja. Zilikuja kelele, vigelegele, ngoma. Mhubiri alimbandua mkono mmoja kwenye benchi akauinua juu, na mpiga picha wa kanisa akapiga picha yake wakati ule ule mkono wa pili ulipokuwa ukitafuta hewani kitu cha kushika.

"Mama, sema Bwana amekutendea nini," mhubiri akamwambia, kipaza sauti mdomoni.

"Nashukuru," akasema. Ndivyo asemavyo hata akipewa glasi ya maji.

Kwa pumzi chache nami niliamini. Nilimwona amesimama, na nilikuwa nimesahau urefu wake.

Jumatatu, 18 Machi

Hawezi kugeuka. Jirani yetu, muuguzi wa wodi ya wanawake, amemwangalia, akaninong'oneza kwamba kusimama kule kumemwumiza ndani.

"Nani kakusimamisha, bibi?" akamwuliza.

"Mungu, kwa mujibu wa watu wa kanisa." Halafu, baada ya kumeza dawa yake ya maumivu: "Mimi nimepona, mjukuu wangu. Tatizo ni kwamba mwili bado haujaarifiwa."

Ijumaa, 22 Machi

Kila Ijumaa akina mama wa kanisa hupita kwa wagonjwa, huwaogesha na kuwabadilishia shuka. Leo hawakuja. Nilikwenda kwa katibu wa kanisa, mama mwembamba ambaye vijana wamembatiza Mama Utaratibu kwa sababu hamalizi sentensi bila neno hilo. Nilimkuta anapiga pasi vitambaa vya madhabahu.

"Mzee Mwavuli, akina mama wanatembelea wagonjwa."

"Mke wangu ni mgonjwa."

"Mkeo ni ushuhuda," akasema bila kuinua macho. "Nikituma watu wakamwogeshe, hao watu wakitoka kwako watasimulia nini? Utaratibu ni kwamba aliyeponywa anakuja mwenyewe."

Nikamwuliza kama Mungu naye anaufuata huo utaratibu. Akasema maswali ya namna hiyo nimpelekee mchungaji.

Muuguzi amenifundisha kubadilisha shuka mtu akiwa amelala juu yake. Unamviringisha upande mmoja, unakunja shuka kama msokoto wa karatasi hadi mgongoni, unatandika jipya, unamrudisha juu ya kile kinundu. Hapo kwenye kinundu ndipo analia.

Jumapili, 24 Machi

Katika maombi ya wagonjwa jina lake halikutajwa. Langoni wamebandika picha yake, kubwa kuliko mlango wetu. Mkono juu, macho yamefumbwa. Anayemjua ataona anakaribia kuanguka. Wasiomjua wanaona furaha.

Jumapili, 31 Machi

Pasaka. Mvua tangu alfajiri. Mchana, baada ya ibada, wazee wa kanisa walipita kuwapelekea wagonjwa Meza ya Bwana majumbani, kama wamfanyiavyo kila anayeshindwa kufika. Mwaka jana waliketi kwenye kitanda chetu. Leo walipita mbele ya mlango wetu, wakaingia kwa fundi viatu kipofu tunayepakana naye ukuta. Tuliwasikia wakiimba. Tulisikia kikombe kikiwekwa juu ya meza.

Mke wangu aliweka kiganja chake ukutani, akakiacha hapo mpaka walipoondoka.

"Labda watarudi kwetu," akasema.

Nikamwambia labda. Alikuwa amevaa kitambaa chake cheupe cha kichwani tangu asubuhi. Alikivua mwenyewe.

Yeye haogopi kufa, hilo niliandike. Ameshazika watoto wawili njiani, akaendelea kutembea na kuomba. Anachotaka kabla hajaondoka ni kimoja: mkate na kikombe kutoka kwenye mkono wa kanisa lake. Nilipomtania kwamba anaweza kuomba kitu kikubwa zaidi, alisema hakijui.

Jumamosi, 6 Aprili

Chupa ya dawa ya maumivu imepotea. Nilitafuta kila mahali huku mke wangu akiuma kona ya mto. Binti yetu alirudi kutoka duka la vitambaa anakofanya kazi, akanikuta nimepiga magoti chini ya kitanda.

"Usiitafute, baba. Nimeiweka."

"Mpe mama yako."

"Kila akinywa anamwambia Mungu kwamba hakumponya. Ndiyo maana maumivu yanarudi." Hakusema kwa ukali. Alisema kama anayemweleza mtoto kwa nini moto unaunguza.

Nilimlea mtoto huyu kwa vitabu na kwa upole. Leo nilimtazama nikaona askari.

Muuguzi ameleta chupa nyingine. Naifungia kwenye sanduku la vyuma vyangu, pamoja na koleo na waya.

Jumanne, 9 Aprili

Nimekwenda kwa mchungaji. Ni kijana bado, ana umri ambao mtoto wetu mdogo tuliyemzika angekuwa nao. Alinipokea vizuri, akanipa kiti kilicho mbali na paa linalovuja.

"Mchungaji, mke wangu hakupona. Alisimama kwa adabu."

"Mzee, jambo hilo limeshafika mbali. Makanisa mengine yanakuja kwa sababu ya mama. Kuna waliookoka kwa picha ile."

"Anaumwa. Anaomba Meza tu."

"Meza inapelekwa kwa wagonjwa." Alisugua macho. "Nikimpelekea, nitakuwa nimetangaza kwa miguu yangu kwamba tulidanganya watu. Unataka nimwambie nani kwamba Mungu amebadili nia?"

"Kwani Mungu ndiye aliyetangaza?"

Nilimwonea huruma, na huruma hiyo ilinikera. Mwishowe akasema nimlete Jumapili ya kwanza ya Mei, Meza itakapoandaliwa kanisani. "Akifika mwenyewe, atapokea kama waumini wote. Nakuahidi, baba yangu."

Nilimpelekea mke wangu ahadi hiyo kama mtu aliyebeba yai.

Jumatatu, 15 Aprili

Mvua. Amekuwa mwepesi. Namwinua kwa mkono mmoja na kukunja shuka kwa mwingine.

Jumamosi, 20 Aprili

Picha ya langoni imeanza kuoza kwa maji. Uso umevimba, wino umeshuka hadi kifuani. Mtu mmoja alinipa mwavuli wenye chuma kilichovunjika akaniuliza, "Mzee, yule mama wa pichani ni nani yako?" Nikamwambia ni mke wangu. Akanishika mkono kwa mikono miwili, akanipongeza.

Jumapili, 28 Aprili

Binti ameosha kitambaa cheupe cha mama yake akakipiga pasi. Anaamini kwamba wiki ijayo mama ataingia kanisani akitembea. Mke wangu alimwacha aamini. "Nikimkatalia, atabaki na nani?" aliniuliza.

Jumapili, 5 Mei

Muuguzi aliazima kiti cha magurudumu. Nilimsukuma huku nikimfunika kwa mwavuli wangu mkubwa kuliko yote, ule mweusi ambao mwenyewe hakuja kuuchukua. Barabara ilikuwa matope. Mara mbili gurudumu lilikwama, na kila nilipolitikisa aliuma midomo, halafu alisema, "Twende tu, Mwalimu. Tusichelewe, mlango wa shule utafungwa."

Mlangoni Mama Utaratibu alisimama katikati.

"Kiti hakiingii."

"Hawezi kutembea."

"Mzee, kuna wageni. Wamekuja kumwona. Utaratibu wa leo ni ushuhuda kwanza, Meza baadaye. Sasa aingie kwenye kiti hicho?"

Kiti kikabaki mvuani. Nilimbeba mikononi mwangu. Tulikaa benchi letu la mwisho, ameegemea bega langu, na watu waligeuka kututazama mmoja baada ya mwingine, kama kurasa zinazofunuliwa na upepo.

Kabla ya Meza mchungaji alisimama mbele. Sauti yake ilikuwa inatafuta njia. "Kabla hatujashiriki, shujaa wetu wa imani yuko nasi. Mama, simama uwasalimie wageni."

Mke wangu hakusimama.

"Mama, simama kidogo tu. Tutakusaidia."

Nilisikia matone yakiangukia kiti kule nje. Mke wangu aliinua kichwa kutoka begani pangu. Hakupaza sauti, ila kila mtu alimsikia.

"Mwanangu, siku ile nilisimama kwa adabu. Leo adabu imeniishia. Nina njaa. Nipeni mkate nikiwa nimekaa."

Mchungaji alifumba macho. Alipofumbua, aliiambia kwaya iimbe.

Kwaya ikaimba. Binti yetu alikuwa safu ya pili, mdomo wazi, machozi yanamfika kidevuni, na hakuruka neno hata moja. Wazee wakashuka na sinia. Aliyekuja upande wetu ni seremala ambaye nimemtengenezea miavuli tangu watoto wake wakiwa wadogo. Alipofika kwa mke wangu alisita akamtazama mchungaji. Mchungaji alitikisa kichwa, kidogo sana, kama mtu anayefukuza inzi. Seremala akauvusha mkono wake juu ya kichwa cha mke wangu akanipa mimi sinia.

Mkate ulikuwa mbele ya pua yake. Alikuwa tayari amefungua mdomo.

Nilimrudishia seremala sinia bila kuchukua. Akasema, kwa sauti ya chini, "Usinilaumu, mzee." Kikombe nacho kikapita vilevile.

Tulipotoka, kiti kilikuwa kimejaa maji. Nilikiinamisha yakamwagika. Alikalia unyevu huohuo hadi nyumbani.

Jumatatu, 6 Mei

Binti ameiweka ile chupa iliyopotea juu ya meza. Alichota maji ya moto, akamwogesha mama yake kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze. Alipomgeuza na kuona mgongo, alitoka nje akakaa kwenye ngazi.

Nilimfuata. "Nilidhani nikiamini kwa nguvu zangu zote, baba," alisema, "hamtaniacha peke yangu katika nchi hii." Nilikuwa nimemwona askari. Kumbe alikuwa mtoto aliyeshika mlango ili usifunguke.

Alhamisi, 9 Mei

Baraza la wazee limekuja. Walisimama kuzunguka kitanda, viatu vyao vina matope. Mama Utaratibu ndiye aliyesoma uamuzi: mke wangu ametengwa na Meza mpaka akiri mbele yao kwamba aliponywa kweli, na kwamba aliupoteza uponyaji kwa mashaka yake mwenyewe. Akikiri, ataletewa mkate leo hii hii. Walikuwa wamekuja nao. Niliuona mfuko mweupe mkononi mwa seremala.

Mchungaji aliinama. "Mama, ni maneno machache tu."

"Ni machache, ila ni ya uongo," akasema. "Nitakutana na Mwenyewe karibuni. Sitaki hilo liwe la kwanza kuniuliza."

Walisali. Walimwombea atubu. Hakuweza kusimama, kwa hiyo aliinamisha kichwa mpaka wakasema amina.

Walipoondoka nilikwenda dukani nikanunua mkate na maji ya zabibu. Nilimwambia nitamlisha mimi mwenyewe, Mungu ataelewa. Alisukuma mkono wangu.

"Usiniibie, Mwalimu. Mkate ule mtu huletewa. Hajichotei."

Tuliula mimi na binti, na chai. Ulikuwa mkate tu.

Jumanne, 14 Mei

Mvua haikati. Vitabu vyangu vimeota ukungu.

Nimejaribu kusali nikashindwa kupita neno la kwanza. Ninakaa na Mungu chumba kimoja kama ndugu waliogombana wasio na mahali pengine pa kwenda. Sikusemeshi, hunisemeshi, lakini kila nikigeuka upo. Mke wangu anazungumza naye mchana kutwa, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeongea na aliyeko jikoni. "Hapa sasa panauma zaidi," anamwambia. "Haya. Na hapa je?" Nilimwuliza kama anajibiwa.

"Hapana," akasema. "Ila haondoki."

Jumapili, 19 Mei

Hamezi tena. Dawa tunamdondoshea chini ya ulimi. Midomo imepasuka, na muuguzi ameniachia pamba ya kuchovya kwenye maji yenye ndimu, nimlainishie midomo isikauke.

Asubuhi watu walipita kwenda ibadani, miavuli yao mingi ni kazi ya mikono yangu. Nilimgusisha pamba mdomoni. Aliifyonza, akakunja uso.

"Chachu."

Nikamwomba radhi, nikataka kuleta maji matupu. Alinishika mkono. Nilidhani anaweweseka, maana alikuwa anatabasamu.

"Si hata Yeye," akasema, akapumzika, "si hata Yeye alipoomba maji walimpa kitu kichachu."

Ndiyo, nikasema.

"Basi nimeletewa. Nipe tena."

Nikampa tena. Binti alipiga magoti upande wa pili, na mama yake akamwashiria aonje naye. Aliichovya pamba nyingine, akaonja. Nami nikaonja. Hakuna aliyesema neno la ibada. Mke wangu aliipokea macho wazi, amekaa kwenye mito, kama alivyoomba kupewa.

Nimesoma vitabu vingi juu ya mateso. Kuelewa nilikuwa naelewa. Kuonja ndiyo kwanza leo.

Jumanne, 21 Mei

Amefariki alfajiri. Maumivu hayakumwacha hata mwishoni. Sitaki mtu yeyote aje kusema alilala usingizi.

Alhamisi, 23 Mei

Kengele haikugongwa. Aliyetengwa hazikwi na kanisa, huo nao ni utaratibu. Tulimzika makaburi ya manispaa, sehemu ya chini ambako maji hukusanyika, na wachimbaji walikuwa wakichota maji kwa ndoo hadi dakika ya kumshusha. Jeneza lilielea kidogo, kisha likakaa. Walikuwepo muuguzi, fundi viatu kipofu, na seremala aliyesimama mbali nyuma ya ukuta akidhani sikumwona.

Binti aliimba peke yake. Sauti ilikatika katikati ya ubeti, akasubiri, akaanza tena palepale ilipokatika.

Jumapili, 2 Juni

Mvua zimekwisha. Leo jua lilikuwa kali, na Mama Utaratibu akaja na mwavuli.

"Chuma kimoja kimetoka," alisema. Tulijua wote kwamba hakuna anayetengeneza mwavuli siku ya jua. Nilichukua koleo. Alisimama akitazama kitanda kitupu kupitia mlangoni.

"Baraza limekaa," akasema. "Limemsamehe marehemu."

"Kwa kosa gani?"

Alirekebisha mkoba begani. "Mzee, mimi nilifuata utaratibu. Mimi sikuutunga." Kisha, kwa sauti nyingine ambayo sikuwahi kuisikia kwake: "Picha nimeibandua mwenyewe. Ilibaki mkono tu."

Nilikaza waya, nikaufungua mwavuli, nikaufunga. Nikamrudishia.

"Jumapili ijayo utakuja? Ni ya Meza, tumeisogeza kwa sababu ya barabara."

"Nitakuja," nikasema. "Nitakaa benchi la mwisho. Sinia likifika kwangu, nitaliacha lipite."

"Mpaka lini?"

Nilirudisha koleo sandukuni. Mke wangu alikaa pale likampita, na Bwana wake alikaa naye. Ndipo ninapojua pa kumpata.

Mpwa alipiga jioni. Amepata mabati. Anasema chumba cha mbele kitakuwa tayari mwezi ujao, nije na binti, kwetu wananingoja. Nilimshukuru. Nilimwambia aingie yeye na watoto wake, auweke mlango upande wa jua la asubuhi kama marehemu alivyopenda. Mke wangu yuko katika udongo wa huku, mahali pabaya penye maji, na kila msimu wa mvua mtu atahitajika kwenda kuinua tuta la kaburi lake. Sitarudi.